Vitu Visivyo na Mwenyewe

Tarehe 27 Januari 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg ilitoa uamuzi uliohusu taa. Kampuni ya Flos ya Italia ilikuwa imeishtaki kampuni nyingine ya nchi hiyo hiyo, Semeraro, kwa kuingiza kutoka China taa iliyoitwa Fluida. Flos ilidai kuwa Fluida imeiga Arco, taa ya kusimama yenye shingo ndefu ya chuma iliyopinda na kitako cha marumaru, ambayo Achille Castiglioni na kaka yake Pier Giacomo waliibuni mwaka 1962. Majaji wa Luxembourg walisema kwamba umbo la bidhaa lisilosajiliwa bado laweza kulindwa na hakimiliki, mradi litimize masharti yake. Kesi ikarudi Milano, na Septemba 2012 mahakama ya huko ikaamua kwamba Arco ni kazi yenye thamani ya kisanaa, ikizingatia pamoja na mengine heshima ambayo taa hiyo imepewa na makumbusho. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ugomvi wangu ni na picha ya Castiglioni inayojengwa na hoja kama hizo: picha ya msanii wa maumbo, mtu aliyekaa mbele ya karatasi tupu akazua mstari mzuri ambao haukuwapo duniani. Kumsifu hivyo ni kumvika kilemba cha ukoka. Achille Castiglioni, aliyezaliwa Milano mwaka 1918 na kufa huko huko mwaka 2002, hakuwa hodari wa kuzua. Alikuwa hodari wa kuchagua na kuondoa. Alitazama vitu ambavyo hakuna anayejua vilibuniwa na nani, akatafuta kila kimoja kinajibu haja gani, kisha akalihamishia jibu hilo mahali pengine. Tabia hiyo nayo haikudondoka kutoka mbinguni. Ilitokana na hali ya kazi katika Milano ya baada ya vita.

Tuanze na Arco yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyofikishwa mahakamani. Swali lililoizaa lilikuwa la nyumbani kabisa. Taa ya kuning'inia inamulika meza vizuri, lakini inaifunga meza mahali pamoja, na kuihamisha kunadai kutoboa dari upya. Je, mwanga unaweza kutoka juu bila kugusa dari? Taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kulijibu swali hilo: nguzo inasimama pembeni, shingo inapinda, mwanga unaangukia katikati. Ndugu hao wakalichukua jibu hilo na kuliingiza chumbani. Shingo ilitengenezwa kwa vipande vya chuma kisichoshika kutu vyenye mfereji ndani, vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine ili urefu ubadilike, na waya ukapita humo humo. Umbali kutoka kitako hadi balbu ulipimwa ili mtu aliyebeba sinia aweze kupita nyuma ya walioketi mezani. Sehemu ya juu ya kofia ya balbu ikatobolewa matundu ili joto litoke. Shingo ndefu kiasi hicho huivuta taa ianguke, kwa hiyo kitako kikahitaji uzito, na marumaru ya Carrara ilitoa uzito mkubwa katika nafasi ndogo kwa gharama ya kuridhisha. Kitako kina takriban kilo 65. Pembe zake zilikatwa ili zisiumize miguu ya wapitao. Kuna pia tundu linalopita katikati ya jiwe, ambalo wengi hulidhani ni pambo. Ni la kupitishia mpini wa ufagio, watu wawili wainyanyue taa wanapotaka kuihamisha.

Msomaji makini atapinga hapa kwamba maelezo haya yote yalikuja baadaye. Castiglioni alikuwa msemaji mwenye vituko, aliyependa kuigiza mbele ya hadhira jinsi kila kitu kinavyotumika, na mtu wa namna hiyo aweza kukipatia sababu kitu chochote baada ya kukimaliza. Zaidi ya hayo, haja ni moja ila majibu ni mengi. Hakuna sheria ya fizikia iliyoamuru shingo ipinde vile badala ya kunyooka kama ya winchi. Pingamizi hili lina uzito, na sehemu yake ni kweli. Mkunjo ule ulichaguliwa, na jicho lililouchagua lilikuwa jicho la watoto wa mchongaji sanamu. Lakini kitu chenyewe chaweza kuhojiwa bila kumsikiliza mwenyewe. Ondoa tundu, na taa haihamishiki. Punguza jiwe, nayo itapinduka. Ziba matundu ya kofia, joto la balbu halina pa kutokea. Sehemu ambazo Arco ingeweza kuishi bila ya kuwa nazo ni chache mno, na taa iliyobuniwa kwa ajili ya kupendeza huwa nazo tele.

Baba yao, Giannino Castiglioni, alikuwa mchongaji wa sanamu, na watoto wake watatu wa kiume walisomea usanifu majengo: Livio aliyezaliwa 1911, Pier Giacomo wa 1913, na Achille, kitinda mimba wa hao watatu. Wakubwa walianza mapema. Mwaka 1940, katika maonyesho ya Triennale ya Milano, Livio na Pier Giacomo pamoja na Luigi Caccia Dominioni waliwasilisha redio ya Phonola iliyotengenezwa kwa bakelaiti. Hadi wakati huo redio ya nyumbani ilikuwa sanduku la mbao lililojifanya kabati. Yao ilijionyesha waziwazi kuwa ni chombo, jamaa ya simu. Achille alihitimu katika chuo cha Politecnico cha Milano mwaka 1944, mwaka mbaya wa kuanza kazi ya kujenga. Mabomu ya Agosti 1943 yalikuwa yameharibu sehemu kubwa ya mji, Wajerumani walikuwa bado wameshikilia kaskazini mwa nchi, na hata vita vilipokwisha, wasanifu vijana walikuwa wengi kuliko majengo waliyokabidhiwa. Wasanifu waliobaki bila majengo wakageukia vitu vidogo, na hiyo ndiyo sababu moja kubwa iliyofanya samani za Italia katika miaka ya 1950 zibuniwe na watu waliofunzwa kuchora majengo. Livio alijitenga mapema katika miaka ya 1950, na Pier Giacomo na Achille wakaendelea pamoja.

Kilichowapa ugali wao wa kila siku kwa miaka mingi kilikuwa kazi isiyotajwa sana katika vitabu vya picha: kupanga mabanda ya maonyesho. Shirika la utangazaji la RAI na kampuni ya kemikali ya Montecatini ziliwaita mara kwa mara kutayarisha mabanda yao kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya Milano. Naamini shule yao halisi ilikuwa pale. Banda la maonyesho lina tarehe ya kufunguliwa isiyosogezwa, na baada ya majuma machache hubomolewa. Hakuna muda wa kuagiza kiwandani kitu kipya, hivyo mpangaji hufanya kazi kwa vilivyopo madukani na kwenye karakana za jirani. Mgeni anapita kwa miguu, hasomi maelezo marefu, na kisipoeleweka mara moja hakieleweki tena. Mwanga hapo ni chombo cha kuongoza miguu na macho. Mtu aliyefanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka hujenga mazoea ya kuuliza kwanza ni kipi kilichopo tayari, kisha ni kipi kinachoweza kutolewa bila hasara. Ukiitazama Luminator, taa yao ya kusimama iliyopata tuzo ya Compasso d'Oro mwaka 1955, mazoea hayo utayaona. Ni bomba la chuma lisilo nene kuliko kitako cha balbu linayoibeba, juu yake balbu yenye kioo kinachorudisha mwanga, chini yake miguu mitatu myembamba inayoweza kufungashwa ndani ya bomba lenyewe. Kofia haikuwekwa, kwa kuwa balbu tayari ilikuwa na kioo chake.

Mwaka 1957 waliandaa vyumba kwenye maonyesho ya samani huko Villa Olmo, Como, na humo waliweka viti viwili ambavyo vimewasumbua wahakiki hadi leo. Cha kwanza, Mezzadro, ni kiti cha trekta cha bati lililotobolewa, kimefungwa kwa nati yenye masikio kwenye ukanda mmoja wa chuma kinachonepa, na chini pana kipande cha mbao kinachozuia kisipinduke. Ukanda ule ndio springi, na ndio mguu pia. Cha pili, Sella, ni tandiko la baiskeli juu ya nguzo, na nguzo imesimama juu ya nusu-tufe la chuma, hivyo anayekalia huyumba na lazima ajishikilie kwa miguu yake. Kilikusudiwa kwa mtu anayezungumza na simu, enzi ambazo simu ilifungwa kwa waya: mtu huyo hataki kusimama wima, wala hataki kuketi kabisa, anataka kuyumbayumba huku akiongea.

Wengi wameandika kwamba hapa ndugu hao walikuwa wanamfuata Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1913 alilipachika gurudumu la baiskeli juu ya kigoda na mwaka 1917 akapeleka chombo cha kauri cha kukojolea kwenye maonyesho ya sanaa. Ulinganisho huo ni rahisi mno. Gurudumu la Duchamp liliachishwa kazi. Thamani yake yote ilikuwa katika kutotumika tena. Kiti cha trekta cha akina Castiglioni kilibaki na kazi ile ile ya kubeba makalio ya mtu, na umbo lake lilikuwa limekwisha kujaribiwa na wakulima waliokalia chuma kutwa nzima. Tofauti nyingine ni kwamba walikirekebisha: walikigeuza chuma kinachonepa kikaelekea upande usio wa kwenye trekta, wakaongeza ubao wa miguu. Hata hivyo nakubali jambo moja ambalo mashabiki wao hawapendi kulisikia. Hakuna kiwanda kilichovitaka viti hivyo wakati huo. Zanotta ilianza kuitengeneza Mezzadro mwaka 1971, na Sella mwaka 1983, miaka 26 baada ya Villa Olmo, na kufikia hapo wanunuzi walikuwa ni watu wanaonunua historia. Simu yenyewe ilikuwa karibu kuachana na waya wake. Kama ushahidi wa matumizi, viti hivyo ni dhaifu. Kama ushahidi wa namna ya kufikiri, vina nguvu.

Kwenye taa hali ilikuwa tofauti, kwa sababu wafanyabiashara na mafundi walikuwa karibu na walikuwa tayari kuthubutu. Eneo la Brianza, kaskazini mwa Milano, lilikuwa limejaa maseremala na karakana ndogo za kuchomelea, kupaka rangi na kukunja bomba, na mbunifu aliweza kupeleka wazo kwa fundi asubuhi akarudi na kipande cha kujaribia. Flos ilianzishwa mwaka 1962 huko Merano, Dino Gavina na Cesare Cassina wakiwa nyuma yake, nayo ilianza na malighafi iliyokuwa inatafuta kazi. Mfanyabiashara Arturo Eisenkeil alikuwa akiingiza kutoka Marekani aina ya plastiki inayopulizwa kama rangi, ambayo wanajeshi waliitumia kufunika zana zao. Ikipulizwa juu ya fremu ya waya inayozunguka, inakuwa ngozi nyeupe inayopitisha mwanga laini. Taraxacum na Viscontea, taa mbili za akina Castiglioni, zilitokana na hiyo. Hawakuwa wa kwanza, maana Mmarekani George Nelson alikwisha kutengeneza taa kwa njia hiyo kabla yao. Mwaka huo huo wa Arco walibuni pia Toio: taa ya mbele ya gari iliyowekwa juu ya ufito wa chuma. Balbu hiyo, iliyotoka Marekani, haikuweza kuwaka bila transfoma, na transfoma ni nzito, basi wakaiweka chini wazi iwe ndiyo kitako. Waya ukapandishwa kupitia vijipete vya ufito wa kuvulia samaki.

Si kila kazi yao inaingia katika hoja yangu kwa utii. Taccia, taa ya mezani yenye bakuli kubwa la kioo, ina kitako chenye migongo na mifereji kinachosaidia kupoza joto, ila inafanana mno na kipande cha nguzo ya hekalu la kale, na siwezi kujifanya kwamba mfanano huo haukukusudiwa. Snoopy ya mwaka 1967 inapindika kama pua ya mbwa wa katuni aliyeipa jina. Walikuwa watu wa mzaha, na mzaha hauhitaji kisingizio cha matumizi. Ninachodai ni kwamba mzaha ulikuja juu ya kazi iliyokwisha kufanyika, kama chumvi ya mezani.

Kuna pingamizi jingine kubwa zaidi: kwa nini tumzungumzie Achille pekee? Pier Giacomo alifariki mwaka 1968, na karibu kila kitu kilichotajwa hapa hadi sasa ni cha wote wawili. Walifanya kazi chumba kimoja, na Achille aliendelea kulitaja jina la kaka yake katika kazi hizo hadi mwisho. Wanahistoria wa sanaa hupenda kutenganisha mkono wa huyu na wa yule, kama wanavyofanya kwa wachoraji, na hapa wamegonga mwamba. Kwangu kushindwa huko ni ushahidi. Mtindo wa mkono hufa na mwenye mkono. Utaratibu wa kuuliza maswali unaweza kushirikiwa na watu wawili bila mshono kuonekana, na anayebaki anaweza kuuendeleza. Baada ya 1968 Achille alitengeneza meza ya Cumano, iliyotolewa na Zanotta mwishoni mwa miaka ya 1970, kutokana na meza ya kukunja ya mikahawa ya Ufaransa ambayo hakuna amjuaye mbunifu wake. Alichofanya ni kurekebisha namna ya kukunjika na kuongeza tundu la kuitundikia ukutani. Mtu anayetaka kuonyesha kipaji kipya baada ya kufiwa na mwenzake asingejitambulisha kwa meza ya mkahawa.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya bei. Ni rahisi kusifu vitu visivyo na mwenyewe ukiwa umeketi chini ya taa ambayo mfanyakazi wa kawaida wa kiwanda hawezi kuinunua. Arco ikawa alama ya ofisi za mawakili na sebule za matajiri wa sinema. Kiti cha mkulima kikauzwa kwa watu ambao hawakupanda trekta maishani. Hilo siwezi kulifuta. Ila orodha ya kazi zao ina upande ambao haupigwi picha. Mwaka 1962 walibuni kijiko cha plastiki cha kutolea zawadi kwa wanunuzi wa mayonezi ya Kraft, chenye ukingo mmoja ulionyooka ili kikwangue ubavu wa chupa hadi tone la mwisho. Mwaka 1968 walibuni kwa kampuni ya VLM swichi ndogo ya kwenye waya, ile inayowekwa katikati ya waya wa taa ya kitandani. Kingo zake zimeviringwa ili mkono uipate gizani na isikwame pembeni mwa godoro, na kitufe chake kinajulikana kwa kuguswa tu. Imetengenezwa kwa mamilioni na kuuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme. Achille aliitaja miongoni mwa kazi alizojivunia zaidi, na sababu aliyoitoa ni kwamba watu huinunua kwa kuwa ni nzuri na hawajui kabisa aliyeibuni. Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalipomfanyia maonyesho mwaka 1997, chini ya usimamizi wa Paola Antonelli, sifa alizipokea. Lakini swichi ile haikuhitaji ukumbi ili ifanye kazi yake.

Fikra hiyo aliifundisha pia, kwanza Torino tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha katika Politecnico ya Milano kuanzia miaka ya 1980. Alikuja darasani na mfuko uliojaa vitu: miwani, mikasi, midoli, kigoda cha mguu mmoja cha mkamuaji wa ng'ombe. Alivimwaga mezani kimoja kimoja na kuwataka wanafunzi waseme ni haja gani moja iliyotawala umbo la kila kimoja. Kigoda kile kina mguu mmoja kwa sababu miguu miwili ya mkamuaji inakamilisha mitatu, na kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ya zizi iwe na mashimo. Kimewabeba wakamuaji wa Alps kwa vizazi vingi bila kumhitaji mbunifu. Aliwaambia wasio na udadisi watafute kazi nyingine.

Iliyo bora kati ya kazi alizofanya bila kaka yake, kwa maoni yangu, ni Parentesi ya mwaka 1971, nayo hakuianzisha yeye. Mbunifu mwenzake Pio Manzù, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1969, aliacha michoro ya taa inayopanda na kushuka kwenye ufito, ikishikiliwa na skrubu. Castiglioni aliitazama michoro hiyo, akautoa ufito na kuweka waya wa chuma uliokazwa kutoka darini hadi sakafuni kwa uzito wa chini. Kisha akaitoa na skrubu. Bomba linalobeba balbu akalipinda kidogo, na mpindo huo unaubana waya kwa msuguano: ukilisukuma linapanda, ukiliachia linabaki hapo hapo. Parentesi ilipata Compasso d'Oro mwaka 1979, na Flos bado inaiuza kwa majina ya wote wawili.